Baridi ya Meru na Usukani wa Pikapu Kuukuu

Mtu wa Dar es Salaam anayeuza gari husifia kiyoyozi. Arusha, ifikapo Juni, mnunuzi huwa na swali jingine: hita bado inafanya kazi? Jiji hili limekaa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, miguuni mwa Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566, na kati ya Juni na Agosti alfajiri zake hushuka hadi nyuzi 12 au 13 za sentigredi. Kwa anayepanda kuelekea Ilkiding'a, Olmotonyi au Nkoaranga, kila mita mia moja za mwinuko humpunguzia joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Anayeendelea hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, hukuta ukungu mzito na baridi ya kuvalia koti hata saa mbili asubuhi.

Wanaoionja baridi hiyo kwa mikono yao ni madereva wanaoanza kazi kabla ya jua kuchomoza: wa pikapu zinazoshusha kabichi, karoti na viazi kwenda masoko ya Kilombero na Tengeru, wa magari ya maziwa, na wale wanaowapeleka wageni mbugani. Wengi wameshika magari yenye umri mkubwa. Kuna Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, kuna Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, na kuna Land Rover, gari ambalo Arusha imelifanyia hata sherehe yake. Oktoba 2024 jiji liliandaa tamasha la Land Rover, na msafara mrefu wa magari hayo, mapya kwa makuukuu, ukapita barabarani kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani.

Magari ya namna hiyo hayakuundwa kwa kumdekeza dereva. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa chombo cha shamba. Hata hita ilikuwa nyongeza ya kulipiwa kando. Leo, magari mengi mapya yanayouzwa katika nchi za baridi yana kitufe cha kupasha usukani. Dereva anakibonyeza, na baada ya dakika chache vidole vinalegea.

Je, kitu hicho kinaweza kuongezwa kwenye pikapu ya zamani? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu linapitia kwenye betri, kwenye usukani usiotulia mahali pamoja, na kwenye kifaa kidogo cha injini ambacho mafundi wengi wamezoea kukitoa na kukitupa.

Kwa nini mikono ndiyo inayoumia

Mwili ukipata baridi hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya vidole hujibana, damu yenye joto hupungua huko, na vidole huwa vizito. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa kufanya kazi ndogondogo hupungua waziwazi: kubonyeza swichi, kugeuza ufunguo, kuhisi kama usukani unavuta upande mmoja.

Gari lililolala nje huongeza tatizo. Usiku usio na mawingu, vitu vilivyo wazi hupoteza joto kuelekea angani, na ndiyo maana umande hutanda juu ya boneti hata kama hewa yenyewe si ya baridi kali. Kabini ya pikapu, yenye bati jembamba na milango isiyofunga sawasawa, haihifadhi chochote. Usukani wa zamani una kiini cha chuma kilichofunikwa plastiki ngumu, na mkono ukiushika joto lake huondoka haraka.

Kwa kijana mwenye afya hilo ni kero ya nusu saa. Kwa mwenye yabisi ya vidole, au mwenye ugonjwa wa Raynaud, ambao huifanya mishipa ya vidole ijibane kupita kiasi hadi vidole viwe vyeupe, safari inaweza kuwa mateso. Glavu husaidia, ila glavu za sufu huteleza kwenye plastiki, na za ngozi nene humnyima dereva hisia ya usukani.

Kilichomo ndani

Usukani wa joto hauna siri kubwa. Chini ya ngozi au kitambaa cha usukani kuna waya mwembamba wenye ukinzani, au utepe wa nyuzi za kaboni, uliozungushwa kufuata duara lote. Umeme ukipita humo hugeuka joto, kama inavyotokea kwenye pasi, lakini kwa nguvu ndogo zaidi. Kando yake kuna kihisi kidogo kinachopima joto na kukata umeme pale usukani unapofikia kiwango kilichopangwa, ambacho kwa kawaida ni kati ya nyuzi 30 na 40.

Kihisi hicho ndicho kinachotofautisha kifaa salama na cha hatari. Ngozi ya binadamu ikigusa kitu chenye nyuzi 44 kwa saa kadhaa mfululizo inaweza kuungua bila mtu kushtuka, kwa sababu joto hilo halitoshi kumfanya aondoe mkono. Mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu ya vidole yuko katika hatari kubwa zaidi, maana huenda asihisi kabisa. Kava la bei poa lenye waya wa joto na swichi tupu, bila kihisi, halifai kwa dereva wa safari ndefu.

Hesabu ya umeme

Usukani wa joto hutumia takriban wati 50, mwingine zaidi kidogo. Gawanya 50 kwa volti 12 za betri, utapata ampea 4 na kidogo. Huo ni karibu umeme wa taa moja kubwa ya mbele, ambayo kwa balbu ya kawaida ni wati 55 au 60. Kwa Hilux ya miaka ya 1990 yenye altaneta ya ampea 40 hadi 60, mzigo huo unabebeka.

Ila pikapu ya Arusha mara nyingi haijabaki kama ilivyotoka kiwandani. Imeongezewa taa za kumulika juu ya kabini, redio, chaja za simu, na kama inabeba watalii, jokofu dogo la vinywaji na soketi za kuchajia kamera. Kila nyongeza iliwekwa kwa wakati wake, na fundi tofauti, mara nyingi kwa kuchukua umeme kwenye waya wa karibu. Kabla ya kuongeza kingine, fundi makini hukaa chini akajumlisha: taa ngapi, feni ya hita kiasi gani, waipa kiasi gani, na altaneta inazalisha nini injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye foleni ya Kilombero.

Land Rover za zamani zaidi zina hesabu ngumu zaidi. Za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia dainamo, iliyotoa ampea zipatazo 22 tu, tena injini ikiwa na kasi ya kutosha. Injini ikinguruma taratibu kwenye foleni, dainamo haitoi karibu chochote na betri ndiyo inayobeba mzigo wote. Kuna jambo jingine linaloweza kumponza fundi kijana: Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 ziliunganishwa kinyume, chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Waya wa joto wenyewe haujali umeme unatoka upande gani, lakini kidhibiti chake cha kielektroniki kinajali, nacho kikiunganishwa vibaya huungua papo hapo.

Kosa kubwa kuliko yote ni la volti. Canter nyingi za dizeli zilizotoka Japani, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizoundwa kwa ajili ya soko la Japani, zinatumia volti 24. Ukichomeka humo kifaa cha volti 12, nguvu haiongezeki mara mbili; inaongezeka mara nne. Usukani wa wati 50 unakuwa wa wati 200, na mkono wa dereva uko juu yake. Mita ya umeme kwenye betri humaliza ubishi huo kwa sekunde chache, kabla kifaa hakijanunuliwa.

Waya unapita wapi

Umeme ukishatosha, kinachobaki ni kuufikisha mahali panapozunguka. Usukani wa pikapu za zamani hugeuka mara tatu na nusu au zaidi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Waya wa kawaida ukifungwa kwenye nguzo ya usukani utajisokota, utakatika, au baya zaidi, utanasa na kuuzuia usukani kugeuka kwenye kona.

Magari mapya yametatua jambo hili kwa utepe mpana wa nyaya uliojiviringa ndani ya kasha nyuma ya usukani, unaojifungua na kujikunja kadiri dereva anavyokata kona. Utepe huo ulienea pamoja na mfuko wa hewa wa usalama, ambao unahitaji muunganiko wa uhakika usiokatika. Pikapu ya zamani haina mfuko wa hewa, kwa hiyo haina utepe. Magari mengi ya rika hilo yana pete ya shaba na kipande kinachoigusa, na kazi yake ni moja tu: kupeleka honi ishara. Honi hulia kwa sekunde moja au mbili, tena mara nyingi umeme wake mkubwa hupitia kwenye rilei mbali na usukani. Kupitisha kwenye pete hiyo ampea 4 mfululizo kwa saa nzima ni kuipa kazi isiyoumbiwa. Itapata moto, itachakaa, na siku moja honi haitalia pale inapohitajika.

Kwa hiyo mwenye pikapu ana njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kava la kuvalisha lenye plagi ya soketi ya kiberiti. Ni rahisi na halihitaji fundi. Udhaifu wake ni waya unaoning'inia kutoka kwenye usukani hadi kwenye dashibodi. Hakuna dereva anayepaswa kuingia barabarani nao ukiwa umechomekwa. Matumizi ya busara ni kulipasha moto kava wakati gari limesimama, wakati injini inapata joto na vioo vinafutwa umande, kisha kuchomoa waya na kuuweka pembeni kabla ya kuondoka. Joto lililobaki humfikisha dereva wa Sakina katikati ya jiji, ila halimfikishi Karatu. Yapo pia makava yenye betri ndogo ya kuchaji iliyofungwa kwenye kava lenyewe, yasiyo na waya wowote wa nje. Liwe la aina gani, kava lazima libane. Linaloteleza juu ya usukani ni hatari hata likiwa la baridi.

Njia ya pili ni kubadili usukani mzima na kuweka uliotoka kwenye gari jipya zaidi lenye mfumo huo tayari. Hapa meno ya katikati ya usukani huamua. Land Rover Defender peke yake ina usukani wa aina mbili: wenye meno 36 kwa za zamani na wenye meno 48 kwa zilizofuata, na mmoja hauingii kwenye nguzo ya mwingine. Kulazimisha, kuchonga au kulehemu kipande cha kuunganishia kwa kubahatisha ni kuhatarisha sehemu ambayo ikiachia, dereva hana namna ya kuliongoza gari. Na usukani uliotoka kwenye gari lenye mfuko wa hewa una kemikali za kulipuka ndani yake. Hauguswi kwa bisibisi na testa na fundi asiyeufahamu. Betri hutolewa kwanza, na kazi hupewa aliyejifunza.

Njia ya tatu inahitaji mikono miwili ya ufundi: fundi wa viti na fundi wa umeme wa magari. Usukani uliopo unavuliwa, utepe wa joto unazungushwa juu yake, kisha ngozi inashonwa kwa kubana. Nyuma ya usukani zinafungwa pete maalumu za kupitishia umeme, zilizofunikwa ili vumbi lisiingie na zilizopimwa kwa ampea zinazohitajika. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo inayotoa matokeo ya kudumu.

Arusha haina uhaba wa watu wa kuifanya. Jiji limejenga ujuzi adimu wa kubadilisha magari. Katika gereji zake Land Cruiser hukatwa katikati na kurefushwa, hufunguliwa paa ili watalii wasimame, huwekwa viti vipya, betri ya pili na mfumo wake wa kuchaji. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikifundisha mafundi tangu 1978, na vyuo vya VETA vina kozi ya umeme wa magari. Anayeweza kufunga jokofu kwenye gari la watalii anaweza kufunga usukani wa joto, mradi asiichukulie kazi hiyo kuwa ndogo.

Fyuzi, ethi na solotepu

Waya wa kifaa hiki hauchukuliwi kwenye redio wala kwenye swichi ya taa. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi ya ampea 7.5 au 10 iliyofungwa karibu kabisa na betri, unaingia kwenye rilei, kisha unaelekea kwenye usukani. Rilei huamshwa na ufunguo wa gari, ili dereva akizima na kwenda kunywa chai kifaa nacho kizime. Bila hivyo, usukani uliosahauliwa usiku kucha utakula ampea-saa 4 kila saa, na betri ya ampea-saa 70 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya chaji yake ifikapo alfajiri.

Unene wa milimita mraba 1.5 unatosha kwa waya huo. Unapopita kwenye bati linalotenganisha injini na kabini, tundu lake huvalishwa mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara za Ngarenanyuki utaukwangua waya hadi shaba iguse bati. Viungo hubanwa kwa koleo maalumu au kuunganishwa kwa risasi na kufunikwa. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia solotepu kumewaponza wengi, maana gundi ya solotepu huyeyuka kwa joto la injini na kuacha shaba wazi. Na desturi ya kuziba fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya huondoa kinga pekee iliyokuwepo kati ya hitilafu ndogo na gari kuteketea.

Kwenye Land Rover kuna jambo la ziada. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, fremu yake ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu huliana taratibu. Ethi, yaani muunganiko wa umeme na bodi, iliyofungwa miaka thelathini iliyopita leo inaweza kuwa imejaa unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Ndiyo maana Land Rover nyingi zina taa zinazofifia indiketa ikiwashwa. Fundi huanza kwa kusafisha ethi za zamani na kuvuta mpya moja kwa moja hadi kwenye fremu au betri. Mara nyingi kazi hiyo peke yake huzirudishia taa mwanga ambao mwenye gari alikwishausahau.

Mwisho wa kazi usukani hugeuzwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, gari likiwa limesimama na likitembea, huku honi ikijaribiwa katika kila pembe. Askari wa usalama barabarani hukagua usukani na honi, na kampuni ya bima nayo ina haki ya kujua kilichobadilishwa kwenye mfumo wa usukani.

Joto linalomwagwa njiani

Baada ya hesabu zote hizo, mwenye pikapu anastahili kuulizwa swali la awali: hita ya gari lake iko wapi?

Karibu theluthi moja ya nishati iliyo katika dizeli huishia kwenye maji ya kupoozea injini. Ni joto jingi, tena halina gharama ya ziada, na hita kazi yake ni kulivuta kidogo na kulipuliza kabini. Ikifanya kazi, huipasha mikono pamoja na usukani, huikausha kabini, na hufanya jambo ambalo usukani wa joto hauwezi kamwe: hufuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Kwa dereva anayeshuka kutoka ukingo wa Ngorongoro, kuona barabara ni muhimu kuliko vidole vyenye joto.

Magari mengi kuukuu hayana tena faida hiyo, na mara nyingi chanzo ni themostati. Hiki ni kifaa kidogo, kinachoenea kwenye kiganja, kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi hubaki kimefungwa ili maji yazunguke ndani na kupata moto haraka. Maji yakifika nyuzi 82 hadi 88, kutegemea injini, hufunguka na kuyaruhusu kwenda kupozwa.

Gari likianza kuchemsha kwenye mwinuko, dawa iliyozoeleka katika gereji nyingi ni kutoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba maji yatapita bila kizuizi. Kwa muda gari huonekana limepona. Ila chanzo halisi, kama rejeta iliyoziba kwa kutu, feni iliyolegea, au gasketi ya silinda hedi, kinabaki palepale. Tena katika injini ambazo themostati huziba pia njia ya mchepuko, kuitoa huyaacha maji mengi yazunguke bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha vilevile.

Mwinuko wa Arusha una mkono wake katika hili. Katika mita 1,400 maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100, na katika mita 2,300 huchemka karibu na 92. Mfuniko wa rejeta unaobana vizuri huongeza shinikizo na kukipandisha kiwango hicho. Uliolegea, au uliobadilishwa kwa wowote uliopatikana, humwacha dereva na nafasi ndogo sana kati ya joto la kawaida la injini na mvuke. Dereva anayejaza maji ya bomba kila asubuhi badala ya kulenti naye anaongeza kutu itakayoziba rejeta.

Injini isiyo na themostati, ikishuka mteremko alfajiri ya Julai, haifikii joto lake. Hita inapuliza hewa vuguvugu. Dizeli inatumika zaidi, moshi unaongezeka, na injini inachakaa mapema. Na pale kasha la hita lenyewe lilipowahi kuvuja, fundi mara nyingi aliiunganisha mipira yake miwili moja kwa moja, akaiacha hita pembeni kabisa. Mwenye gari analaumu baridi ya Meru, wakati joto la gari lake linapotea angani kupitia rejeta.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi unaeleweka. Kwanza themostati mpya ya kiwango sahihi cha injini hiyo, mfumo wa maji usafishwe na kujazwa kulenti, mfuniko wa rejeta ukaguliwe. Pili hita irudishwe, ikiwa pamoja na feni yake na kebo zinazofungua milango ya hewa. Tatu milango ya kabini ivalishwe mipira mipya, kwa sababu hita haishindani na upepo unaoingia kila pembe. Gari likishafikia hapo, usukani wa joto unapata nafasi yake halali. Injini ya dizeli huchukua dakika kumi hadi kumi na tano kabla hita haijatoa joto la maana, ilhali usukani unaweza kupata joto ndani ya dakika tatu au nne. Kwa mwenye yabisi, au kwa dereva wa safari fupi za jijini ambaye injini yake haiwahi kupata moto sawasawa, pengo hilo ndilo linalostahili kulipiwa.

Gari lisilo na joto la bure

Hesabu hii inabadilika kabisa injini ya dizeli ikitolewa. Arusha kuna kampuni ya E-Motion Africa inayobadilisha Land Cruiser za safari kutoka dizeli kwenda umeme: injini inatoka, mota na betri kubwa zinaingia, na bodi inabaki ileile ambayo mwongozaji ameizoea. Gari la namna hiyo huwakaribia wanyama bila mngurumo wala moshi, jambo lenye thamani kubwa katika biashara ya mbuga.

Gari la umeme halina theluthi ya joto la kumwaga. Likihitaji kupasha hewa ya kabini, joto hilo linachukuliwa kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu, na hita ya hewa inaweza kula kilowati kadhaa inapoanza. Katika gari la safari, lenye paa linalofunguka na madirisha makubwa, sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka nje mara tu wageni wanaposimama kutazama simba. Usukani na viti vya joto humpasha mtu mwenyewe kwa umeme kidogo zaidi, na watengenezaji wa magari ya umeme duniani wamevipokea kwa sababu hiyohiyo: kilomita zaidi kwa chaji moja. Kwa pikapu ya dizeli inayoshusha kabichi Kilombero, kifaa hiki kinakuja baada ya themostati na hita. Kwa Land Cruiser ya umeme inayopanda kwenda Ngorongoro alfajiri ya Julai, kinaweza kuwa chombo cha kwanza cha joto ambacho fundi wa Arusha anakifikiria.